Maji ya Kupigia Deki

Mimi ni mtu wa hasira, nakubali. Lakini hasira ninayoieleza hapa naona ina haki yake, na mpaka leo nikipita ile barabara ya Observatory inayoteremka kutoka kilimani, nikaona mfereji wake una unyevu, nashika usukani kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Wenzangu wananiambia niyaache, yamepita. Hayajapita. Nitayasema yote, pamoja na ile sehemu nisiyopenda kuisema.

Kazi yangu ni kutunza mabwawa ya kuogelea ya watu. Nina nyumba za Kensington na nyumba za Observatory, mitaa ya hapa Joburg, kila moja na siku yake ya wiki, na pikapu kuukuu inayobeba brashi, nyavu, mipira na ndoo za dawa. Nyumbani Tanga hakuna anayenielewa nikieleza. Ndugu yangu mmoja aliniuliza kwenye simu kama ni kweli nalipwa kuosha maji. Nikamwambia ndiyo, naosha maji, na yeye awasalimie wote.

Mwezi wa tano ndio mwezi wa kulaza mabwawa. Joburg ina baridi ya kweli, baridi kavu inayopasua midomo, na tangu wakati huo mpaka mwezi wa tisa hakuna mtu anayetia hata kidole kwenye maji. Huwezi kuliacha bwawa hivi hivi, maana ukifika mwezi wa tisa utakuta supu ya mchicha. Kwanza unaokota majani yote, na pale Observatory kuna mti wa jirani unaopukutisha majani kana kwamba umelipwa. Kisha unasugua kuta, unafyonza uchafu wa chini, unausafisha mchanga wa mtambo wa kuchujia kwa kusukuma maji kinyumenyume mpaka yatoke meupe. Unapima maji. Mwisho kabisa, maji yakishakuwa safi, unatia dozi kubwa ya klorini pamoja na dawa ya kuzuia ukijani, unaacha pampu izungushe, halafu unafunika na turubai. Dawa ni ya mwisho. Ukishaitia, kwa siku kadhaa maji yale hayafai kuguswa na mwili wa mtu.

Mwenye bwawa hili ninalolisema ni mama mmoja wa Kizungu, mstaafu, mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vingi. Wanawe wote wako nje ya nchi. Nimemtunzia bwawa lake miaka sita, na kwa miaka sita sijawahi kumwona akiogelea. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa shida, lakini nasema. Alikuwa akiniita rafiki yangu, ananiletea chai kwenye kikombe ambacho baadaye nilikuja kugundua ni changu peke yangu, kinakaa dirishani nje ya jiko.

Sasa nyumbani kwangu. Tunakaa Joubert Park, ghorofa ya saba, chumba kimoja na sebule iliyokatwa kwa pazia. Mwaka ule mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa tatu, na mama mkwe alikuwa amepanda basi kutoka Tanga, siku nne barabarani, kuja kumlea mwanawe katika arobaini. Alikuja na mfuko wa pilipili manga, khanga za kumfunga tumbo mzazi, na amri zake. Amri ya kwanza ilikuwa maji. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto kila siku, asubuhi na jioni, kwa kitambaa kizito, kuanzia mabegani mpaka kwenye nyayo, tumbo na kiuno zaidi, mpaka mwili urudi mahali pake. Watoto wetu wawili wa mwanzo walizaliwa huku bila mtu wa kumkanda mama yao, na mke wangu aliniambia mara nyingi kwamba mgongo wake haukuwahi kupona. Mara hii alisema atakandwa siku arobaini kamili, hata dunia ipinduke.

Dunia haikupinduka, ila mabomba yalikauka. Siku ya kwanza tukasema yatarudi jioni. Siku ya tatu lifti yetu mbovu ilinuka mkojo. Lori la maji lilikuwa linakuja kwenye kona ya mtaa wetu saa linayotaka lenyewe, na ukilikosa umelikosa. Siku ya tano asubuhi, siku ya ishirini na mbili ya uzazi wa mke wangu, palikuwa na maji ya kunywa ya kutosha kutwa nzima na sufuria moja ya kupikia. Mama mkwe hakumkanda asubuhi ile. Alikaa kwenye kiti karibu na jiko, sufuria kubwa ya kukandia imefunikwa mbele yake, tupu, akasema bila kunitazama, maana sisi wakwe hatutazamani sana:

"Baba, leo jioni lazima akandwe. Tumbo limeanza kulegea tena."

Nikamwambia asijali. Nilikuwa naenda kazini kwenye maji.

Nilitia madumu manne matupu kwenye pikapu. Njiani nilijiona mjanja. Maji ya bwawa lile yalikuwa safi kama ya kunywa, nilikuwa nimeyatunza mwenyewe, klorini yake kidogo tu iliyobaki, ukiyaweka kwenye beseni na kuyachemsha inapotea. Mpango wangu ulikuwa kuteka kabla sijatia dawa. Madumu manne kwenye bwawa kama lile ni kama kuchota kijiko kimoja kwenye pipa la uji.

Nilipofika sikuteka. Miaka sita sijawahi kuchukua kitu kwenye nyumba ile bila kuomba, hata limau lililoanguka. Yule mama alitoka na kikombe changu cha chai, akauliza hali ya huko mjini, nikamweleza kuwa hatuna maji siku ya tano. Akasikitika. Akasema nchi inaharibika, akasema hata wao huku kilimani mwezi uliopita walikaukiwa siku mbili, ndiyo maana ameamua kulifunga kufuli bomba la bustani. Nikaona hapo ndipo pa kupenyeza ombi langu. Nikaomba madumu manne kutoka bwawani.

Akauliza ya nini.

Na hapa ndipo ile sehemu nisiyoipenda. Nilitaka kusema. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini yule ni mwanamke, tena mkubwa, tena si ndugu yangu, na mimi nimelelewa kwamba mambo ya mke wako akiwa kitandani mwa uzazi hayatoki nje ya mlango. Baba yangu alikuwa hata neno mimba halitamki. Alikuwa akisema mama yenu hajisikii vizuri, na miezi michache baadaye tunapata mdogo wetu. Nitamweleza vipi mzungu huyu habari za tumbo la mke wangu na kiuno chake na khanga anazofungwa? Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeomba, nikasema ni ya kupigia deki.

Akafikiri. Kisha akasema, kwa upole wake wote, kwamba anasikitika lakini hawezi, kwa sababu maji yakipungua yatashuka chini ya mdomo wa kunyonyea, pampu itavuta hewa na kuungua. Maneno hayo nilimfundisha mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza, kwa mikono yangu miwili, nikimwonyesha kwenye kigae maji yanapotakiwa kufika. Madumu manne hayangeshusha maji hata upana wa ukucha. Nilimwambia hivyo. Akasema tukianza hivi hatutajua pa kuishia, na kwamba sakafu inaweza kusubiri. Hapo alinishika. Sakafu kweli inaweza kusubiri.

Nikanywa chai, nikafanya kazi. Niliokota majani, nikasugua, nikafyonza, nikasafisha mchanga. Kila mara nilipopita karibu na pikapu niliyaona madumu yangu, nikayapa mgongo. Nilijipa moyo kwamba lori litapita kona ya mtaa wetu jioni. Saa saba nikavaa glavu, nikatia klorini, dozi kubwa, ndoo baada ya ndoo kuzunguka kingo zote, nikatia na dawa ya ukijani. Harufu ikapanda mpaka macho yakanitoka machozi. Nikaanza kukunjua turubai.

Saa nane akatoka nyumbani ameshika simu mbele yake kwa mikono miwili, amevaa miwani ya kusomea. Mwanawe, yule anayeishi kwenye nchi ya theluji, alikuwa amemtumia maelezo ya namna ya kulaza bwawa. Akanisomea. Maji yapunguzwe mpaka chini kabisa ya mdomo wa kunyonyea, shibiri mbili au zaidi, ili barafu ikijikusanya isipasue vigae na mabomba. Akaniangalia. Akasema tuyapunguze.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia Madam, huku hakuna barafu ya namna hiyo. Asubuhi za mwezi wa saba utakuta utando mwembamba juu ya maji, unaupasua kwa kidole, saa nne umeshayeyuka. Nikamwambia pampu yake haitaweza kufanya kazi miezi minne, na maji yasiyozunguka yataoza chini ya turubai. Nikamwambia dawa nimeshatia, tutaimwaga yote barabarani. Nilisema vizuri, bila kupandisha sauti, na kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko kusugua kuta. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwanangu ni mhandisi, rafiki yangu. Naye ana bwawa kwake."

Miaka sita. Mimi ndiye niliyelijua bwawa lile, ufa wake wa upande wa kusini, pampu inavyokohoa kabla ya kukamata, upande unaotangulia kupata ukijani. Yule mhandisi mara ya mwisho aliingia humo akiwa mvulana. Lakini yeye alikuwa kwenye simu, na mimi nilikuwa nimesimama pale na glavu za mpira.

Asubuhi madumu manne yalikuwa yanashusha maji. Mchana nikaambiwa niyashushe shibiri mbili. Nilitaka kumuuliza maji haya ndiyo yale yale ama ni mengine. Nilitaka kumuuliza pampu imepona lini. Sikuuliza. Nilizamisha mpira wa kufyonzea mpaka chini ili pampu isivute hewa, nikafunga mpira mrefu kwenye mtambo, nikaupitisha chini ya geti mpaka barabarani, nikageuza mkono wa valvu, nikawasha. Maji yakatoka kwa nguvu, meupe, yanang'aa juani, yakashika mfereji na kuteremka kilima chote cha Observatory.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikiyatazama kwa muda wa saa mbili. Binti anayefanya kazi nyumba ya jirani alikuja na ndoo, nikamwonya kuwa ni makali, asioge wala asifulie nguo za rangi. Akasema ni ya chooni tu, akajaza ndoo sita, akanishukuru kwa Kizulu. Mimi hata ya chooni sikuchukua. Nilikuwa na madumu manne umbali wa hatua tano na choo kisichosukumwa nyumbani, lakini nilikuwa nimenuna, na niliponuna niliona kuyagusa maji yale ni kujidhalilisha. Upumbavu wa hasira ndio huo.

Sikumwaga maji tu saa zile mbili, niligombana pia. Niligombana kimya kimya na yule mama, na mwanawe, na theluji. Nilitengeneza hotuba nzima kichwani kwa Kiingereza kizuri kuliko ninachokijua. Katika hotuba ile nilimwambia kila kitu, habari za mzazi, za siku ya ishirini na mbili, za mama mkwe aliyekaa siku nne kwenye basi, na yeye akalia na kuniomba radhi. Kisha kazi ikaisha, nikafunika turubai, nikakunja mpira, akatoka kunishukuru, nami nikasema sharp, sawa, Madam, tutaonana. Hotuba yote ikabaki kichwani.

Nilifika Joubert Park jua limeegemea maghorofa. Lori la maji lilikuwa limesimama kwenye kona, na foleni imezunguka jengo zima, watu wa kila nchi na ndoo za kila rangi. Eish, nikasema moyoni, hapa nitafikiwa maji yamekwisha. Hata hivyo nilishusha madumu yangu, nikaenda kushika mkia wa foleni. Nikampigia simu mama mkwe kumwambia nimefika, nipo kwenye foleni. Akauliza ya kazini yako wapi. Nikasema nakuja kueleza. Akasema anashuka.

Alishuka ngazi za ghorofa saba kwa miguu yake ya uzee, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na sweta langu juu. Akasimama karibu nami akihema. Nikamweleza yote kwa haraka na kwa uchungu, madumu manne, mdomo wa kunyonyea, simu ya mhandisi, maji kuteremka kilima kizima. Nilitegemea atoe laana. Alisikiliza akitazama ndoo za watu.

"Huyo mwenye bwawa ni mwanamume?" akauliza.

Nikasema ni mwanamke.

"Amezaa?"

Nikasema anao watoto watatu.

"Ulimwambia maji ni ya mzazi?"

Nikaanza kueleza kwamba hata ningemwambia, watu wale hawajui kukandwa ni nini, na kwamba kosa si langu, ni la mtu aliyenyima maji asubuhi kisha akayamwaga mchana. Akanikatisha kwa kuinua mkono.

"Ulimwambia ni ya nini?"

"Deki," nikasema.

Alichukua madumu mawili, moja kila mkono, akatoka kwenye mstari na kuanza kwenda mbele. Nilimwita, nikamwambia Mama, hapa watu hugombana, lakini tayari alikuwa anatembea kando ya foleni na kusema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia, "Nina mzazi juu. Ghorofa ya saba nina mzazi." Kiswahili kitupu cha Tanga. Waliokijua waligeuka. Wasiokijua aliwaonyesha, akaweka dumu chini, akalipapasa tumbo lake mwenyewe, akapakata mtoto asiyekuwepo, akaonyesha dirishani kwetu. Hakuwa na haya hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeyainamia madumu mawili yaliyobaki, nikisoma maandishi ya mafuta ya kupikia ubavuni mwake.

Mama mmoja Mkongo, aliyekuwa karibu kabisa na bomba na ndoo zake tatu, akarudi nyuma hatua moja.

"Pita, mama," akasema. "Muntu mwenye alizala hawezi ngoja mayi."

Wa nyuma yake walinung'unika kidogo, mmoja akacheka, basi. Mama mkwe akajaza madumu mawili, akanipungia mkono nilete mengine. Ilibidi nipite mbele ya foleni yote, mwanamume mzima, na watu wakinipisha kwa ajili ya jambo ambalo nilishindwa kulitamka mbele ya mtu mmoja na kikombe cha chai.

Niliyapandisha madumu yote manne, mawili mawili, ghorofa saba, bila kupumzika. Maji yakachemka. Mama mkwe akavuta pazia, nami nikakaa upande wa pili na mtoto mapajani. Nilisikia kitambaa kinakamuliwa, nikamsikia mke wangu akiguna pale mkono ulipofika kiunoni, kisha akishusha pumzi ndefu. Binti yetu mkubwa, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini sijavua viatu. Nilikuwa nimesahau.

Hasira yangu ilikuwa bado ipo. Nilikuwa bado namwona yule mama na miwani yake ya kusomea, na bado naamini mtu anayemwaga maji kiasi kile wakati mji una kiu hahitaji kuambiwa habari za mzazi wa mtu ili ajue anakosea. Nilikuwa najipanga kusema hivyo, kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia, ili mke wangu ajue nimempigania.

Lakini mama yake alikuwa ameshamweleza, chini chini, huku akimkanda. Mke wangu akamwacha amalize. Halafu akasema, bila kugomba, sauti yake imelegea kwa joto la maji:

"Kwa hiyo leo kutwa nzima nilikuwa sakafu."